Kobe wa Taa na Mawifi Wasiosemezana

Jamani, sogeeni. Anayedhani maneno haya hayamhusu ndiye hasa nimtakaye akae mbele.

Mchana mmoja nyumba ilikuwa imetulia tuli. Bibi mwenye nyumba alikuwa amejinyoosha mkekani, na pembeni yake mjukuu, msichana wa miaka miwili na ushei ambaye kila mtu alimwita Kibonge, amelala na kidole mdomoni. Katika chumba cha nyuma, shangazi mtu, fundi wa simu na redio, alikuwa ameinamia kifuu cha nazi. Alikuwa amekipiga msasa mpaka kikang'aa, akakitoboa matundu madogo madogo kwa msumari uliopashwa moto, akachonga kichwa na miguu ya mti laini na kuvibandika kwa gundi. Kikawa kobe kamili, mwenye uso wa mtu aliyekatizwa usingizi.

Kobe huyo alikuwa zawadi ya Kibonge. Umeme mtaani kwao ulikuwa wa kukatika-katika, na kila ukikatika mtoto alilia mpaka anapaliwa. Shangazi mtu akaona amtengenezee taa ya kushika mkononi. Alichukua vitaa vidogo vya tochi mbovu. Kila kimoja kina miguu miwili, mrefu wa chanya na mfupi wa hasi, na ukikosea miguu hiyo hakiwaki ng'o. Akaunganisha mirefu upande wake na mifupi upande wake, akapitisha waya kwenye swichi aliyoitoa kwenye mwanasesere aliyevunjika, akachomea viungo kwa risasi ya kuyeyusha. Betri ilikuwa moja tu, ile bapa ya kung'aa, upana wake kama kifungo cha koti. Mfuniko wa tumboni akaufunga kwa skrubu na kuukaza, kwa sababu alijua betri ile si ya kushikwa na mtoto. Nalisema hili la skrubu mapema, maana baadaye watu walimsema kwamba ni mzembe. Hakuwa mzembe, ubaya wake ulikuwa mwingine.

Alipochomea mara ya mwisho, moshi mwembamba ukatoka mlangoni. Sauti ikasikika kutoka ukumbini, ambako mama yake Kibonge, mke wa kaka, alikuwa akishona kwa cherehani.

"Mama, mwambie huyo wa chumbani moshi wake unaingia kwenye nguo za wateja."

Bibi hakufumbua macho. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Mwambie afunge dirisha, mikono si anayo."

"Eti mikono unayo."

"Mwambie ninayo, tena inafanya kazi. Haichezei vifuu."

Bibi akageukia ukutani. "Nilidhani nimezaa watoto na kuozesha," akasema. "Kumbe nimefungua posta."

Mnacheka. Chekeni tu, maana hata watu wa nyumba ile walikuwa wanacheka.

Chanzo cha yote kilikuwa chumba. Shangazi mtu alipoachika na kurudi kwao, alirudishiwa chumba chake cha usichana, ambacho wifi yake alikuwa amekifanya cha kushonea. Cherehani ikahamishiwa ukumbini, njiani kabisa, kila apitaye anaigonga kwa nyonga. Siku ya kuihamisha, maneno yakawa mengi. Mama mtu akasema aliyeshindwa kwake hana la kuja kumpangia mwenzake kwake. Shangazi mtu akauliza, kwako wapi, nyumba hii si ya mama yangu? Toka siku hiyo hawakusemezana tena. Walipika jiko moja, walichota maji pipa moja, walianika nguo kamba moja, na neno la kuambiana hawana. Kila mmoja alimngojea mwenzake aanze kuomba radhi, na kila mmoja aliapa kwamba akiombwa atasamehe papo hapo. Waongo wote wawili.

Kaka mwenyewe alikuwa dereva wa lori. Akirudi safari na kuwakuta wamevimba, alioga, alikula, alisema, "Mambo ya wanawake hayo, yatakwisha yenyewe," kisha akaondoka zake. Huyo naye ana fungu lake katika habari hii, asijidhani amepona.

Basi, jioni ile umeme ukakatika kama kawaida yake. Kabla Kibonge hajafungua kinywa kulia, shangazi mtu akatoka na kobe, akamweka sakafuni, akabonyeza swichi. Dari ikajaa madoa ya mwanga. Mtoto akabaki kaduwaa, kisha akaanza kuyakimbiza madoa ukutani kwa viganja, anacheka mpaka anaanguka.

Shangazi mtu angeishia hapo, zawadi ingekuwa zawadi. Lakini alimwita mtoto magotini, akasema kwa sauti ya kufika mbali, "Kibonge, kobe kakupa nani?"

"Angazi."

"Na nani anakupenda kushinda wote?"

"Angazi."

Alimwuliza tena, na tena, huku jicho la pembeni likiwa kwa wifi yake. Ndani ya zawadi ile mlikuwa na upendo, sikatai. Mlikuwa na meno pia.

Mama mtu alikuwa akikusanya vyombo. "Mama," akamwambia bibi, "mwambie mleta zawadi tumeshukuru. Lakini mtoto huyu ana mama, hajaokotwa jalalani." Akachukua vyombo akaenda navyo jikoni.

Hapo shangazi mtu akakumbuka jambo. Akamwinamia bibi. "Mama, waambie wasifungue tumboni pale. Ndani mna betri, na betri ile si kitu cha kuonwa na mtoto."

Sasa bibi naye siku hiyo alikuwa amechoka. Magoti yanamuuma, umeme hakuna, na tangu asubuhi ameitwa "mama mwambie" mpaka masikio yanavuma. "Leo posta imefungwa," akasema. "Mwenye barua yake aipeleke mwenyewe."

Shangazi mtu akautazama mlango wa jikoni. Vyombo vilikuwa vinagongana mle ndani, wifi yake anaviosha kwa hasira. Ilikuwa ni kuinuka tu, kwenda mlangoni na kusema. Akawaza: nikienda atajua nimeanza mimi. Atatamba mtaa mzima kwamba nimejipeleka. Na isitoshe, nimekaza skrubu, nani atafungua? Akampa mtoto busu, akaenda chumbani kwake.

Yaliyofuata tuliyajua baadaye, kwa kinywa cha mama mtu mwenyewe. Kibonge alikataa kula, alikataa kulala, anamtaka kobe, anamtaka angazi. Mama akizima, mtoto anawasha. Akizima tena, mtoto anawasha na kusema, "Kobe wa angazi." Mwishowe yule mama akaingiwa na uchungu ambao mzazi yeyote anaweza kuuelewa hata kama hatausifu. Akachukua bisibisi ndogo ya cherehani, ile ya kukazia sindano, akafungua skrubu za tumboni na kuitoa betri. Akamwambia mtoto kobe amelala, naye mtoto, kwa kulia sana, akalala.

Betri hakuitupa. Alijisemea kwamba kutupa mali ya mtu ni kesi, na wifi yake hakosi la kusema. Akaitia kwenye kopo la vifungo vya makoti, kusudi ikija kuulizwa aitoe na kuionyesha kwamba hakuiba. Hakujua kama kile kidude kina ubaya. Kwake betri ni betri, ikiisha nguvu inatupwa. Na vifungo vile vikubwa ndivyo Kibonge alivyochezea kila siku miguuni pake, akivipanga kimoja juu ya kingine, wala hajawahi kumeza hata kimoja. Mama alimzoea hivyo, akaacha kumwangalia kila dakika.

Asubuhi, shangazi mtu alitoka chumbani tayari kwenda kibandani kwake sokoni. Akamkuta kobe juu ya kiti. Akabonyeza swichi, kimya. Akamgeuza, akaona skrubu zimelegea. Akafungua mfuniko kwa ukucha, na ndani hamna betri.

Aliyemfundisha ufundi aliwahi kuwaeleza wanafunzi wake kwamba betri bapa ikimezwa na kukwama kooni, haikai kimya. Inakutana na mate, inaanza kuunguza nyama, na inaunguza hivyo hivyo mtoto akicheza. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Akainua macho. Wifi yake yuko kwenye cherehani, anashona. Kibonge yuko chini, kopo la vifungo mapajani.

Swali lilikuwa tayari ulimini. Wifi, betri umeiweka wapi? Hilo tu. Hata mtu unayemdai damu unaweza kumwuliza hilo.

Lakini shangazi mtu akaona kwamba ametegwa. Akaona betri imetolewa makusudi ili yeye ajipeleke, aulize, anyenyekee. Hasira ikampanda, na hasira ikipanda akili hushuka. Akamshika kobe mkononi, akasema na mtoto kwa sauti ya juu, "Kibonge mwanangu, dunia hii kuna watu wana wivu hata na kobe."

Mama mtu hakugeuka. Aliipigapiga cherehani yake mgongoni. "Shona, cherehani yangu, shona," akasema. "Usisikilize ya watu. Waliokosa wa kwao lazima watamani wa wenzao."

Shangazi mtu hakuwa amejaliwa mtoto, na hilo ndilo lililomwachisha kwa mumewe. Neno lile lilimchoma mahali ambapo hapajapona. Akambwaga kobe kitini, akachukua mkoba, akatoka na mlango akaubamiza. Njia nzima alikuwa akitunga majibu aliyopaswa kumjibu. Betri ilimrudia akilini akiwa amefika sokoni, na akaifukuza. Ameitupa jalalani, akajiambia. Roho mbaya ile, itakuwa ameitupa.

Ngoja niwaulize nyinyi mliokaa hapa. Nani kati yenu hajawahi kuwa na jambo la kumwambia mtu, akalimeza kwa sababu hataki kuwa wa kwanza? Msinijibu.

Mchana Kibonge alikataa uji. Mama mtu akadhani ni jino. Baadaye mtoto akaanza kutokwa na udenda, shingo ameiweka upande, anakohoa kikohozi kikavu. Bibi akampapasa paji la uso, akasema ni mafua yanakuja, wampumzishe. Wakampumzisha. Mama mtu akambeba mgongoni na kuendelea kushona, maana nguo za wateja zilikuwa zinangojewa. Saa zikapita hivyo, mtoto mgongoni anakoroma, na kitu kile kooni kinafanya kazi yake.

Jua linakaribia kuzama, shangazi mtu akarudi. Alikisikia kikohozi kabla hajavua viatu. Akafika ukumbini, akamwona Kibonge mapajani mwa mama yake, macho yamelegea, na kwenye kitambaa cha kufutia udenda pana mstari mwembamba mwekundu.

Alijua pale pale. Na hata pale, ndugu zangu, hata pale ambapo damu ameiona, ulimi ulikataa. Akamgeukia bibi. "Mama, muulize mkweo ile betri ya kobe alipeleka wapi."

Bibi akaona uso wa bintiye. Safari hii posta haikufungwa. "Mkwe wangu, betri iko wapi?"

"Mwambie imo kwenye kopo la vifungo. Mali yake sijaila."

Shangazi mtu akalivamia kopo, akalimwaga sakafuni. Akapiga magoti, akavichambua kwa mikono miwili, vyeusi, vya kahawia, vya rangi ya maziwa. Akavichambua mara ya pili. Hapakuwa na cha kung'aa hata kimoja. Mama mtu, ambaye alikuwa amefungua mdomo ili aseme neno la kuchoma, aliutazama uso wa wifi yake, mdomo akaufunga. Kisha akasimama na mtoto, akakimbia bila viatu.

Hospitalini mtoto alipigwa picha ya eksirei mara moja. Daktari, mama wa makamo asiye na mzaha, akaiinua picha kwenye mwanga. Palikuwa na duara jeupe katikati ya kifua kidogo.

"Alimeza saa ngapi?" akauliza.

"Daktari, mimi niliitoa jana jioni nikaiweka kwenye kopo," akasema mama mtu. "Mwenyewe hakuniambia kama ni sumu."

"Daktari, mimi asubuhi niliona haipo," akasema shangazi mtu. "Aliyeitoa hakuniambia ameiweka wapi."

Kila mmoja alimtazama daktari. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Asubuhi uliona haipo," daktari akarudia. "Unajua inafanya nini kooni?"

"Najua."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Shangazi mtu akalitazama dirisha; nje giza lilikuwa limeshaingia.

"Nyinyi mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Ukumbi mmoja, jiko moja?"

"Ndiyo."

Daktari akaishusha picha. "Nimepokea watoto waliotoka vijiji vya mbali, njia imekatika, wamebebwa mgongoni, nao wakawahi kuliko huyu. Huyu amecheleweshwa na watu waliokaa nyumba moja. Kaeni pale, na msiniletee kelele." Akaingia chumba cha upasuaji.

Walikaa benchi moja kwa sababu hapakuwa na jingine. Bibi aliketi katikati, mikono kichwani, anajisemea mwenyewe: "Niliambiwa. Mimi niliambiwa nikafanya mzaha."

Betri ilitolewa. Daktari alitoka akawaeleza bila kupamba. Mtoto yu hai. Njia ya chakula imeungua pande zote, mahali fulani imetoboka. Hatakula kwa mdomo kwa muda mrefu. Atalishwa kwa mpira uliopenyezwa tumboni, atarudi hapa kupanuliwa njia hiyo mara nyingi, kila mara kwa dawa ya usingizi, na kama ataweza siku moja kumeza tonge la ugali au la wali, yeye hawezi kuahidi. Sauti nayo imeguswa. Kisha akaondoka, kuna wengine wanamngoja.

Bibi akasimama kwenda kunawa uso. Ndipo mawifi wakabaki hawana mtu katikati. Mama mtu akageuka. Toka siku ya kuhamisha cherehani hakuwahi kumtazama yule mwanamke usoni na kumsemesha.

"Ungeniuliza," akasema. "Asubuhi ile, ungeniuliza tu."

"Ungeniambia," shangazi mtu akasema. "Ulivyoitoa, ungeniambia."

"Ningekujibu. Wallahi ningekujibu."

"Na mimi ningekwambia ni hatari."

Hawakuendelea. Palikuwa hapana kingine cha kusema, na hayo ndiyo maneno yaliyohitajika, isipokuwa yamekuja baada ya koo la mtoto kuungua.

Wengi hupenda niseme kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Kaka alirudi safari, akasimama kando ya kitanda cha mwanawe, akawauliza kwa nini, na wote wawili, na mama yake, wakamtazama tu. Kama angekaa siku moja zamani akawakalisha na kuwasikiliza, asingeuliza. Aliuliza mara nyingine, kisha akatoka akalia karibu na geti, mlinzi anamtazama.

Sasa mtoto yuko nyumbani. Mpira unasafishwa, maziwa yanapimwa, dawa ina saa zake, na mtu mmoja hawezi peke yake. Wakati wa chakula Kibonge hupelekwa uani, kwa sababu akiwaona wenzake wanatafuna, hunyoosha mkono na kufungua kinywa. Hutoa sauti ya mkwaruzo, kama hujamzoea hujui kama anaita au anakohoa. Na wale wawili wanazungumza. Hawapendani, nisiwadanganye. Lakini utasikia, "Wifi, umeshamlisha?" na utasikia, "Bado, nichemshie maji," na anayeambiwa huinuka papo hapo, hata kama ameshika kazi yake. Maneno mepesi kabisa, ya kila nyumba. Wao wameyapata kwa bei ambayo mtoto ndiye anayeilipa, kila siku saa ya kula.

Mafunzo tunayobaki nayo

Kwanza la betri, maana hilo halingoji. Betri bapa za kung'aa zimejaa majumbani mwetu, kwenye rimoti, kwenye mizani, kwenye vitu vya kuchezea vya watoto. Ikitoka kwenye kifaa chake isiwekwe penye vitu vingine, na isiwekwe mahali mtoto anafika. Ukihisi mtoto ameimeza, hata kama huna hakika, hata kama anacheka, usimtapishe na usingoje kuona. Mkimbize hospitali.

La pili ndilo kubwa. Tunawafundisha watoto wetu kwamba kuuliza si ujinga, halafu sisi wazazi wao tunaona kuuliza ni kushindwa. Gombaneni, ni wanadamu. Nuneni, kama lazima mnune. Lakini kusiwe na neno la usalama wa mtu linalosubiri nani aanze. Habari ya moto, ya dawa, ya ugonjwa, ya mtoto, hiyo haina wifi wala mkwe, haina aliyekosea na aliyekosewa. Isemwe moja kwa moja, kwa mhusika, usoni. Na wewe mwanamume unayesema ya wanawake yatakwisha yenyewe, na wewe mzee unayegeuza ugomvi wa wanao kuwa kichekesho cha baraza, mnajua mlipo katika habari hii.

Na kama yuko mtu ndani ya nyumba yako ambaye hujamsemesha kwa muda, sikuombi umpende. Ukirudi leo, mwambie jambo moja tu analohitaji kulijua. Wewe ndiye uanze.